Dokumentari ya Gorizia ya 1968 na ile nusu ambayo kamera haikuipiga

Kuna kipande cha video ambacho Waitaliano wanapenda sana kukirusha kila mjadala wa afya ya akili ukianza, ni cha zamani, picha haina rangi, mwandishi wa habari anamuuliza daktari swali moja tu, wewe unavutiwa zaidi na mgonjwa au na ugonjwa? Daktari anajibu hapo hapo: mgonjwa, bila shaka yoyote. Kipande kinaisha hapo. Daktari ni Franco Basaglia, mwandishi ni Sergio Zavoli, na hicho kipande kimekatwa kutoka kwenye dokumentari fupi ya kama nusu saa hivi iliyotengenezwa 1968 ndani ya hospitali ya magonjwa ya akili ya Gorizia, mji mdogo kaskazini mashariki mwa Italia, ikarushwa na televisheni ya taifa, RAI, tarehe 3 Januari 1969. Inaitwa I giardini di Abele, yaani Bustani za Habili, yule Habili ndugu yake Kaini.

Nimeamua kuandika kuihusu kwa sababu imezaa picha mbili kuhusu Italia na zote mbili naona hazijakaa sawa. Kuna wanaosema Waitaliano walifungua hospitali zao za akili wakawamwaga wagonjwa barabarani, basi. Na kuna wanaosema alitokea daktari mwenye roho nzuri, akaongea na wagonjwa kama watu, wakapona. Ukiangalia filamu peke yake unaweza kabisa kutoka na mojawapo, maana inaonyesha nusu ya kazi, ile nusu ambayo kamera inaweza kuipiga, milango iko wazi na watu wanaongea. Nusu ya pili ilikuja miaka iliyofuata na ni mambo ya mishahara, nyumba za kuishi, saini ya meya, idadi ya vitanda kwenye wodi, vitu ambavyo hakuna mtu atavikatia kipande akakirusha, na mimi naamini kazi yenyewe iko hapo.

Tuanze na kilichokuwepo kabla. Italia ilikuwa na sheria ya mwaka 1904 iliyotumika zaidi ya miaka 70, na kigezo chake kikubwa cha kumwingiza mtu hospitali ya akili hakikuwa anaumwa nini na atatibiwaje, kilikuwa je ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, au analeta aibu hadharani. Aibu hadharani! Hebu fikiria mke anayegombana na ukoo wa mumewe, kijana mlevi, mtoto mwenye kifafa, mzee asiye na mtu wa kumtunza, wote hao wangeweza kuingia kwenye hilo neno. Polisi walihusika, mahakama ilihusika, na ukishaamuliwa kubaki moja kwa moja unapoteza haki zako za kiraia na jina lako linaandikwa kwenye rekodi za jinai pamoja na wezi na wauaji, hilo la rekodi lilikuja kufutwa 1968 tu. Manesi nao walikuwa wamebanwa, mgonjwa akitoroka nesi anaweza kushtakiwa, kwa hiyo nesi aliyemfunga mtu kitandani usiku kucha hakuwa lazima mkatili, mara nyingi alikuwa anaogopa kwenda jela. Kufikia miaka ya 60 ndani ya hospitali za aina hiyo nchi nzima kulikuwa na watu karibu laki moja.

Gorizia ilikuwa ya pembezoni kabisa. Mpaka kati ya Italia na Yugoslavia uliochorwa 1947 ulikata mji, na hospitali ikajikuta ukuta wake unapakana na nchi nyingine. Ndani wagonjwa zaidi ya 500, wengi wao asili yao ni Waslovenia. Basaglia alifika pale kuwa mkurugenzi mwezi Novemba 1961, na hakufika kwa sababu ya kupandishwa cheo. Alikuwa chuo kikuu cha Padova, anasoma sana falsafa, wakubwa wake wakawa wanamwita mwanafalsafa na haikuwa sifa, yaani walikuwa wanamwambia hapa huna maisha marefu. Basi akapelekwa mpakani.

Kuna kitu kimoja kwenye maisha yake ambacho bila hicho huwezi kuelewa alichofanya. Mwaka 1944, akiwa kijana wa miaka 20 anasomea udaktari, alikamatwa Venice kwa sababu ya harakati dhidi ya ufashisti akakaa jela miezi kadhaa. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba siku alipoingia hospitali ya akili kwa mara ya kwanza kama mkurugenzi alisikia kitu kile kile alichosikia alipoingia jela, hata harufu. Na inasimuliwa kwamba mwanzoni kabisa nesi mkuu alimletea daftari la wagonjwa waliofungwa usiku ili aweke saini kama wakurugenzi wote waliomtangulia, Basaglia akasema kwa lahaja yake ya Venice, mimi sisaini.

Hicho ndicho kinachosimuliwa kila mahali. Kisichosimuliwa ni kwamba baada ya kukataa saini hakujua vizuri afanye nini, na ilichukua miaka. Wodi zilifunguliwa moja moja, siyo kwa siku moja. Nyavu na makoti ya kufungia mikono yakaanza kuondolewa, shoti za umeme zikapunguzwa, watu wakarudishiwa nguo zao badala ya sare, wakarudishiwa visu na uma mezani, wanawake wakapata vioo. Na dawa zilikuwepo, hili watu wanalisahau sana. Chlorpromazine, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, ilikuwa imeingia hospitalini tangu miaka ya 50 na Basaglia aliitumia, hakuwa mtu wa kupinga dawa hata kidogo, alichosema ni kwamba dawa inamtuliza mgonjwa na inamtuliza daktari pia, na mkishatulia wote wawili ndipo mnaweza kuanza kuongea.

Halafu mikutano. Kila siku asubuhi kulikuwa na mkutano wa hospitali nzima, anakuja anayetaka, anaongea anayetaka, anaondoka anayetaka, na mara nyingi mwenyekiti ni mgonjwa. Wazo lilitoka Uskoti kwa Maxwell Jones wa hospitali ya Dingleton ila Gorizia walilibeba mbali zaidi. Ukisikia mkutano wa wagonjwa wa akili unaweza kudhani ni watu wanalia na kusimulia utoto wao, hapana, walijadili sigara, nani aende matembezi Jumapili, hela ya baa ya ndani igawanywe vipi, kwa nini wodi fulani bado imefungwa. Ni mambo madogo lakini mtu aliyekaa miaka 20 bila kuulizwa hata anataka kula nini, akiulizwa mbele ya watu 100 unaonaje kuhusu sigara, na jibu lake likabadilisha kitu siku ya pili yake, huyo ameanza kurudi kuwa raia. Na nesi aliyezoea kuamua kila kitu sasa anaweza kushindwa kwa kura. Wengi walikasirika na baadhi walipinga waziwazi, na ugomvi huo ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Hapo ndipo Zavoli anaingia na kamera. Zavoli hakuwa mtu wa mambo ya afya, Waitaliano walimjua kwa mbio za baiskeli, alikuwa na kipindi maarufu sana wakati wa Giro d'Italia anachokaa na waendesha baiskeli kila jioni kujadili mbio za siku hiyo. Kwa hiyo filamu yake ilipotoka kwenye TV7, kipindi cha habari cha RAI, na Italia nzima wakati huo ilikuwa na chaneli mbili tu, ilionwa na watu ambao wasingenunua kitabu cha daktari hata siku moja, mafundi, mama wa nyumbani, mapadri wa vijijini. Watu ambao huenda walikuwa na ndugu ndani ya hizo hospitali na hawakuwahi kwenda kumtembelea.

Kuipata uzito wake inabidi uiweke karibu na filamu nyingine ya zamani zaidi, ya Italia hiyo hiyo. Mwaka 1908 Turin, profesa Camillo Negro alishirikiana na mpiga picha Roberto Omegna kutengeneza filamu fupi ya kufundishia kuhusu magonjwa ya neva, ni moja ya filamu za kwanza kabisa za kitabibu duniani. Kwenye sehemu yake inayojulikana zaidi kuna mwanamke anapata mshtuko kitandani, madaktari wamemshika, na usoni amevaa kinyago. Kinyago kiliwekwa asijulikane, sawa, ila angalia matokeo yake: unamuona mwili wote, unaona unavyojipinda, humuoni mtu. Hana jina, hana sauti (filamu zilikuwa bado hazina sauti), yupo pale kuonyesha ugonjwa. Miaka 60 baadaye Zavoli anawasogelea wagonjwa wa Gorizia kwa maikrofoni, nyuso ziko wazi, anawauliza wao wenyewe maisha yao yako vipi humu ndani na yalikuwaje zamani, na wao wanajibu, wengine kwa mpangilio mzuri kuliko maprofesa. Mtazamaji aliyekuwa sebuleni kwake analazimika kukubali kwamba anamwelewa huyo mtu. Sijui filamu nyingine fupi ya zama zile iliyofanya hivyo kwa watu wengi namna hiyo kwa usiku mmoja.

Sasa lile jibu, mgonjwa na siyo ugonjwa, ndilo lililozua mkanganyiko mkubwa. Watu walilisikia kama Basaglia anasema ugonjwa wa akili haupo. Hakusema hivyo. Alichosema, na alikiandika mara nyingi, ni kwamba ugonjwa uwekwe kwenye mabano kwanza. Maana yake ni hii: mtu ameingia na skizofrenia mwaka 1945, sasa ni 1962, anakaa kona moja anayumba mbele nyuma, haongei, anakula kwa mikono. Je, hayo unayoyaona ni skizofrenia? Au ni miaka 17 ya kufungwa, kunyang'anywa nguo, kutoongeleshwa? Huwezi kujua. Ugonjwa na hospitali vimeshikamana, na daktari anayeandika kwenye faili "mgonjwa ni mtu wa kujitenga" huenda anaelezea kazi ya hospitali yake mwenyewe. Kwa hiyo ondoa kwanza kile ambacho hospitali imeongeza, mrudishie nguo, jina, hela, mlango, halafu kinachobaki ndiyo ugonjwa na huo utautibu, na utakuta upo kweli na unaumiza kweli. Mimi naliona hili ni wazo la kidaktari kabisa, kama daktari yeyote anayetaka kujua homa imetokana na nini kabla ya kuandika dawa, na inasikitisha kuona mpaka leo linafundishwa kana kwamba ni siasa tupu.

Siasa zilikuwepo lakini, na hapa Afrika inaingia. Basaglia alimsoma Frantz Fanon, daktari wa Martinique aliyefanya kazi hospitali ya Blida-Joinville nchini Algeria kuanzia 1953, akajaribu kubadilisha wodi zake, halafu 1956 akaandika barua ya kujiuzulu kwa waziri mkazi wa Ufaransa kwa sababu aliona huwezi kumtibu mtu akili ndani ya nchi ambayo utawala wenyewe unamfanya awe mgeni kwao. Basaglia aliichukua hiyo barua kwa uzito, aliitaja kwenye maandishi yake, ila akasema yeye hayuko kwenye nafasi ya Fanon, hana mapinduzi ya kwenda kujiunga nayo, kwa hiyo inabidi abaki ndani ya taasisi na kuigeuza akiwa humo humo. Ukijua hili unaelewa kwa nini kwenye filamu hana uso wa mtu aliyeshinda.

Na kweli hakuwa ameshinda. Septemba 1968, miezi michache kabla filamu haijarushwa, mgonjwa mmoja aliyepewa ruhusa ya kwenda nyumbani alimuua mke wake. Basaglia akafunguliwa kesi, baadaye akaonekana hana hatia, lakini mji uligeuka. Sipendi makala zinazoruka tukio hili, kuna mwanamke alikufa, na wapinzani wa milango wazi walikuwa na haki ya kuuliza maswali. Jibu la Basaglia na wenzake lilikuwa kwamba kilichokosekana ni kitu huko nje: mgonjwa anatoka hospitali anaingia nyumbani, na katikati hakuna chochote, hakuna kituo, hakuna nesi wa kupita, familia haijaandaliwa. Waliomba serikali ya jimbo la Gorizia iwaruhusu kufungua vituo vya nje mjini na hawakupewa.

Ndiyo maana Basaglia mwenyewe alishaanza kusema Gorizia ni mafanikio hatari. Hospitali yenye bustani nzuri, milango wazi, mikutano, bado ni hospitali ya akili, mtu anaishi humo na anafia humo, tofauti ni kwamba sasa haumii sana na dunia ya nje inaweza kulala usingizi. Aliogopa kwamba watu wataiangalia ile filamu na kusema basi, hivi ndivyo hospitali ya akili inavyotakiwa kuwa. Aliondoka 1969. Wenzake waliobaki waliendelea mpaka 1972, wakajiuzulu kwa pamoja, na walipoondoka walitangaza kwamba wagonjwa waliobaki hawana sababu ya kitabibu ya kuendelea kukaa pale.

Sasa nusu ya pili, na hii inahitaji uvumilivu kidogo maana haina picha nzuri isipokuwa moja.

Mwaka 1971 rais wa jimbo la Trieste, Michele Zanetti, mwanasiasa kijana wa chama cha Kikristo (watu wanasahau kwamba siyo mrengo wa kushoto peke yao waliofanya hii kazi) alimwita Basaglia aje San Giovanni, hospitali kubwa juu ya kilima yenye wagonjwa karibu 1,200. Safari hii lengo halikuwa kufungua hospitali, lilikuwa kuimaliza. Na walianza na hela. Hospitali zote za zamani ziliendeshwa kwa kazi za wagonjwa, wanafua, wanapika, wanafagia, wanalipwa sigara na inaitwa tiba ya kazi. Trieste wakaunda ushirika, wagonjwa wale wale wanafagia wodi zile zile lakini kwa mkataba na mshahara unaolingana na wa mfanyakazi mwingine yeyote. Kisha wakabadilisha hadhi. Mtu ambaye hana sababu ya kitabibu ya kubaki lakini hana pa kwenda aliandikwa kuwa mgeni, yaani ameruhusiwa kisheria, siyo mgonjwa tena, anakula na kulala pale kama mgeni huku akitafutiwa nyumba. Majengo ya hospitali yakageuzwa kuwa makazi ya kawaida, vikundi vidogo vidogo vikahamia kwenye nyumba mjini. Na kadiri wodi zilivyofungwa, manesi hawakuachishwa kazi, walihamishiwa kwenye vituo mitaani. Hilo la manesi ndilo lililofanya mambo yawezekane, kwa sababu bajeti ilimfuata mgonjwa alikokwenda.

Ile picha moja nzuri ni farasi. San Giovanni kulikuwa na farasi wa kweli, Marco, aliyevuta mkokoteni wa nguo chafu miaka mingi, alipozeeka akatakiwa kwenda kuchinjwa, wagonjwa wakaandika barua kwa jimbo wakiomba aachwe aishi na wakakubaliwa. Mwanzoni mwa 1973 wasanii na wagonjwa wakatengeneza farasi mkubwa wa mbao na karatasi, wakampaka bluu, wakamwita Marco Cavallo, na siku ya kumtoa mjini ikagundulika hapiti getini, ni mrefu mno, ikabidi wavunje. Wakatoka nyuma yake mamia ya watu wakaingia mitaani. Ila siku hiyo hiyo manesi wengine walilalamika kwamba farasi anatoka wakati hali ya wodi bado ni mbaya na walikuwa sahihi, na waliosikiliza hilo lalamiko ndio waliofanya Trieste ifanikiwe.

Januari 1977 Basaglia akatangaza kwamba San Giovanni itafungwa. Mwaka uliofuata sheria ikaja kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Chama cha Radicali kilikuwa kimekusanya saini za kutosha kuitisha kura ya maoni ya kuifuta ile sheria ya 1904, kura ilikuwa ifanyike Juni 1978, na wabunge wakaogopa kwamba sheria ikifutwa bila mbadala nchi itabaki na pengo. Basi wakaipitisha Sheria namba 180 kupitia kamati za bunge tarehe 13 Mei 1978, siku nne tu baada ya mwili wa Aldo Moro, aliyekuwa waziri mkuu, kukutwa Roma baada ya kutekwa na Brigate Rosse, kundi la siri la mrengo mkali wa kushoto lililotumia silaha. Nchi ilikuwa kwenye msiba na hofu, magazeti yamejaa Moro. Watu wanaiita Sheria ya Basaglia lakini hakuiandika yeye, aliyeisimamia bungeni ni Bruno Orsini, daktari wa akili na mbunge wa chama cha Kikristo, na Basaglia mwenyewe alitahadharisha watu wasidhani sheria imemaliza tatizo.

Inasema nini hasa? Hospitali mpya za akili zisijengwe, wagonjwa wapya wasipelekwe kwenye zile za zamani, waliomo watolewe taratibu. Hakuna mahali inaposema matibabu ya lazima yamefutwa, yapo. Mtu akiwa na hali inayohitaji matibabu ya haraka, akayakataa, na hakuna njia ya kumtibu nje ya hospitali, madaktari wawili wanathibitisha, meya anasaini, ndani ya saa 48 jaji anapelekewa karatasi na anakubali au anakataa. Muda ni siku 7, ukitaka kuongeza unarudi kuomba upya na sababu. Mgonjwa analazwa kwenye wodi ndani ya hospitali ya kawaida, isiyozidi vitanda 15, jirani na waliovunjika miguu na wenye vidonda vya tumbo, na mtu yeyote anaweza kumwandikia meya kupinga. Kigezo cha hatari na aibu kikaondoka, kikaja kigezo cha matibabu, na aliyechukua nafasi ya polisi ni meya, kwa kazi yake ya kusimamia afya ya mji.

Desemba mwaka huo huo hiyo sheria ikaingizwa ndani ya sheria kubwa iliyoanzisha huduma ya afya ya taifa. Basaglia akafariki Agosti 1980 kwa uvimbe wa ubongo, ana miaka 56, hakuona ilivyokwenda.

Ilivyokwenda ni kwamba kuwafungia mlango wagonjwa wapya ni jambo la siku moja, kujenga vituo ni jambo la miaka, na sheria haikuweka hela maalum wala kulazimisha mikoa kwa tarehe. Trieste walikuwa tayari. Wao walikuwa na vituo vya mtaani vilivyo wazi saa 24 siku 7, kila kimoja na vitanda vichache, unaingia bila rufaa, unakula mchana pale ukitaka, nesi anakufuata nyumbani usipoonekana. Shirika la Afya Duniani liliifanya Trieste kuwa kituo shirikishi chake mwaka 1987. Mikoa mingine, hasa kusini, miaka mingi ilikuwa na ofisi inayofunguliwa saa chache na daktari mmoja, mama mzee anaachiwa mtoto wake wa miaka 30 anayesikia sauti usiku, anapiga simu hakuna anayekuja. Hao ndio "waliomwagwa", na wengi walimwagiwa mama zao kabla ya kufika barabarani. Na huku hospitali za zamani zenyewe hazikufungwa kwa kasi kama watu wanavyodhani, nyingine ziliendelea kuwa na watu mpaka mwishoni mwa miaka ya 90. Kwa hiyo anayesema Italia ilifunga hospitali ghafla amekosea, na anayesema hakuna aliyeumia amekosea zaidi.

Mwaka 1979, kabla hajafa, Basaglia alitembelea Brazil, akapelekwa Barbacena kwenye hospitali iliyoitwa Colônia, akatoka akiwaambia waandishi kwamba ameona kitu kama kambi za Wanazi. Mwaka huo huo Helvécio Ratton akaingia humo na kamera akatoka na dokumentari fupi, haizidi nusu saa, Em nome da razão, yaani kwa jina la akili timamu. Inakadiriwa watu 60,000 walifia Barbacena katika miaka yake yote. Brazil ikaja kupata sheria yake 2001, na wao walijifunza kitu kwa Waitaliano, walianza kujenga vituo vya mtaani kabla sheria haijapita.

Italia nayo ilibakisha mlango mmoja ambao Sheria 180 haikuugusa, hospitali za akili za kijela, kwa watu waliotenda kosa na mahakama ikasema hawakuwa na akili timamu. Zilikuwa sita. Mtu angeweza kuingia kwa kosa dogo kabisa akakaa miaka 25 kwa sababu kila muda ukiisha unaongezwa. Kamati ya Seneti chini ya Ignazio Marino, daktari bingwa wa upasuaji, ikaanza kuzitembelea ghafla na kamera mkononi, na mwaka 2011 picha zile zikaonyeshwa RAI: vitanda vyenye tundu katikati, watu wamefungwa, uchafu sakafuni. Sheria ya kuzifunga ikapita, zikaanza kufungwa 2015, nafasi yake zikaja nyumba ndogo za vitanda visivyozidi 20 zinazosimamiwa na huduma ya afya ya mkoa na siyo magereza, na mtu haruhusiwi kukaa humo zaidi ya kifungo cha juu kabisa cha kosa alilotenda. Sasa tatizo ni foleni, vitanda ni vichache na wapo wanaosubiri wakiwa jela za kawaida.

Na kufunga watu vitandani? Wodi nyingi za vitanda 15 nchini Italia bado zinafunga, na milango yake bado ina funguo. Trieste hawafungi na mlango uko wazi, wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na wanachotaja kila wakiulizwa ni idadi ya manesi na vile vituo vya saa 24 vinavyomkuta mtu kabla hajafika pabaya, ndiyo maana kila bajeti ya vituo ikiguswa pale mjini watu wanapiga kelele. Miswada ya kuibadilisha Sheria 180 imepelekwa bungeni mara nyingi tangu miaka ya 80, vipo vyama vya familia vilivyoidai na vipo vilivyoipinga na kudai sheria itekelezwe kwanza kama ilivyo, na mpaka sasa kiini chake kimebaki vile vile kilivyopita mwezi Mei 1978.